Mwiko wa Kigango Umesimama Nyuma ya Mlango Wangu

Jumamosi, mwishoni mwa Julai. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo, midomo imenipasuka. Sasa jua linataka kuzama, nami nimekaa kwenye kigoda jikoni, simu mkononi, naandika huku nimeupa mwiko mgongo.

Naona haya. Nianze na hilo, maana nikianza na kitu kingine nitazungukazunguka mpaka nisahau nilichokaa kuandika. Najijua.

Mnaonifuata kwenye blogu hii mmenizoea kwa mapishi. Mwalimu Agripina, mwalimu wa sayansi kimu, anayewaambia gramu ngapi na dakika ngapi. Leo hakuna gramu. Ningekuwa na daftari lenye kufuli ningeyaandika humo haya, nikalifungia. Lakini uongo wangu niliuandika hapa, mbele yenu, kwa hiyo na ukweli utakaa hapa hapa.

Huu mwiko si wangu.

Ni mwiko wa kina mama wa kigango chetu, kanisa dogo la parokia, huku njia ya Kipalapala. Ni wa mti wa mninga, mrefu wa kunifika kifuani, na ubapa wake umekuwa mweusi kwa moshi na mafuta ya miaka. Kwenye ncha ya mpini una alama za kupimia maji, zilizochongwa kwa kisu. Kukiwa na arusi, kipaimara, msiba au mgeni wa parokia, mwiko huu ndio unaokoroga wali. Na kwetu hauwekwi stoo ya kanisa. Unakaa nyumbani kwa mpishi mkuu wa wali, nyuma ya mlango wa jiko lake, na kila mtu anajua uko kwa nani. Ukitaka kujua kina mama wanamwamini nani, uliza mwiko uko wapi.

Miaka yote ninayoikumbuka hapa kigangoni ulikuwa kwa Shangazi Skola. Sasa uko kwangu, na niliupata kwa kukaa kimya.

Shangazi Skolastika ni dada mkubwa wa baba yangu. Mama alipougua, mimi nikiwa darasa la pili, nilipelekwa kwake Goweko, kabla yeye hajahamia huku, nikakaa miaka minne. Walilima tumbaku, na mpunga kidogo bondeni. Ugali ulikuwa wa kila siku. Wali ulikuwa wa Jumapili, na siku hiyo napewa ungo nichague mawe.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajatia maji alichukua punje moja ya mchele mbichi, akaing'ata kwa meno ya mbele. Kisha akanipa na mimi moja. "Ng'ata. Inasemaje?" Ikikatika kwa mlio, kavu, mchele huo ni wa zamani, una kiu, upe maji. Ikipondeka taratibu bila kelele, huo ni mpya, umetoka shambani juzi, bado una maji yake mwilini. Huo hauna kiu. Ukiunywesha kwa nguvu unapata uji.

Halafu kidole. Alisawazisha mchele ndani ya sufuria, akagusisha ncha ya kidole cha shahada juu yake, akamimina maji mpaka yafike pingili ya kwanza. Mchele mpya, yasiifike. Maji yakikaribia kukauka alipunguza moto wa chini, akapalia makaa juu ya mfuniko, na hapo hata aje nani, hakuna kufunua. Ukoko ulikuwa wangu, na chumvi kidogo juu yake.

Nilikuwa na miaka tisa na nilijua kung'ata punje. Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Siwezi kusema sikufundishwa.

Baadaye nikaenda chuo, nikafundishwa vikombe. Kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji, tena wote tuliandika hivyo kwenye mtihani tukafaulu. Nikanunua jiko la umeme la wali, lile unalobonyeza ukaenda zako, likiiva linajizima. Nimewaandikia humu karibu kila njia: wali wa kuchuja, ambao unauchemsha kwenye maji mengi kama makaroni halafu unayamwaga, wali wa nazi anaoupika jirani yangu Bi Zuhura, mzaliwa wa Isevya, ambaye anasema babu zake walikuja na misafara kutoka Pwani wakaacha kila kitu njiani isipokuwa mbuzi ya kukunia nazi, wali wa karanga wa kwetu. Nikajiona najua. Darasani nilikuwa nawauliza wanafunzi, "Kupima kwa kidole, kidole cha nani? Kirefu au kifupi?" Wanacheka, na mimi nacheka nao. Kidole nilichokuwa nakicheka nakijua mpaka kovu lake.

Sasa niseme kilichotokea.

Mapema mwezi huu kigango chetu kilipata padre mpya, mtoto wa hapa hapa, akaja kuadhimisha misa ya shukrani. Watu walikuja kutoka mpaka Ipole. Shangazi ndiye mpishi wa wali, mimi msaidizi wake. Sufuria mbili kubwa za shughuli, mafiga ya mawe, na mchele uliochangwa na waumini, wa mwaka huu. Nilimwona aking'ata punje. Nilimwona akisawazisha mchele, akisimamisha mwiko juu yake, ncha ya mpini chini, na kumimina maji, maana kwenye sufuria za namna ile kidole hakifiki, unatumika mwiko. Maji hayakufika alama ya kwanza. Nikasema moyoni, mama huyu macho yamekwisha.

Misa ikaisha, ukatoka wito wa baraka za kwanza za upadre wake, anamwekea kila mtu mikono kichwani. Anayeijua shughuli ya padre mpya anajua hapo hakuna anayebaki jikoni. Kina mama wote waliacha visu na masufuria wakakimbilia mstari. Shangazi alikuwa ameisubiri baraka ile kwa miezi, kanga mpya ameifunga ndani ya ile ya jikoni ili aivue ya jikoni tu na kwenda. Akaniambia, "Agripina, kaa hapa. Usifunue, usiongeze kitu. Mchele huu hauna kiu."

"Sawa, Shangazi," nikamjibu, kwa ile sauti ya kumridhisha mtu mzima.

Hakufika hata mlangoni mwa kanisa. Nikafunua.

Maji yalikuwa yamelingana na mchele, yanakaribia kuzama. Nikaonja punje, bado ina kiini. Nikaona wageni wote wale, na padre mpya, na wakubwa wa parokia, wakitafuna wali mbichi kwa sababu ya kidole cha Shangazi yangu. Nilijiona namwokoa! Nikachukua jagi, nikachota maji ya moto kwenye pipa la chai, nikatia majagi matano sufuria ya kwanza na matano ya pili. Nikafunika, nikarudisha makaa juu kama yalivyokuwa. Nikayapanga vizuri, isijulikane yaliguswa.

Ona hapo. Kama nilikuwa naokoa, kwa nini niliyapanga makaa?

Shangazi alirudi uso unang'aa, anatabasamu peke yake. Akaondoa makaa, akafunua, akachota kwa mwiko. Wali ukadondoka pwata. Bokoboko mpaka chini. Akaenda sufuria ya pili, hivyo hivyo. Akaugeuza mwiko, akazitazama alama zake.

"Nimepima vibaya," akasema, taratibu, kama anajiambia.

Hakuniuliza. Wazo kwamba mimi, niliyelelewa kwenye jiko lake, ningeongeza maji baada ya kukatazwa, halikumpitia kabisa. Angeniuliza ningesema. Nataka kuamini ningesema. Hakuniuliza, na mimi nikala jiwe, jagi bado liko kwapani kwangu.

Wali ukaenda mezani kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mzee mmoja wa baraza akaita kwa sauti, "Tuleteeni vikombe, leo tunakunywa wali!" Watu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini aliyechekwa hakuwa mimi. Mwenyekiti wa kina mama akanivuta pembeni. Akasema Skola amechoka jamani, macho hayo, tumpumzishe mama wa watu. "Au Mwalimu unaonaje?"

"Umri nao, mama," nikasema.

Umri nao! Kinywa changu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, wakamsimamisha Shangazi mbele ya kina mama wote, wakampa kitenge, wakampigia makofi na vigelegele. Kwa maneno matamu wakamwambia apumzike. Kisha wakasema mwiko uende kwa damu yake mwenyewe, tena msomi. Alikuwa ameubeba kutoka nyumbani, ameusugua kwa mchanga na kuupaka mafuta ya kupikia. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akaninong'oneza, "Alama ya kwanza ni ya mchele wa zamani. Lakini wewe una vipimo vyako, mwanangu."

Nikaupokea. Watu wakapiga makofi na mimi nikatabasamu. Kuna picha yake, mtu kanitumia, na nimeifuta simuni lakini bado naiona.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini Jumatatu yake nikakaa, nikaandika humu ile makala mliyoipenda sana, sababu tano za wali kuwa bokoboko. Sababu ya kwanza: kupima maji kwa kidole kama bibi zetu. Mkacheka kwenye maoni. Mmoja akaandika kuwa bibi yake alikuwa anapika wali unaoweza kubandikia bahasha. Nikamjibu kwa vicheko. Sikumtaja Shangazi, hilo nililiona ni ungwana.

Alhamisi ya juzi nikaenda kumsalimia. Sikuwa nimekanyaga kwake tangu siku ya mwiko, nilikuwa najidai shule imebana. Nikamkuta jikoni anapika wali wa chakula cha mchana, yeye na mkamwana wake, Mama Doto, wanaoishi pamoja. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba, karibu, kaa hapo." Nikakaa. Nikamwona anachukua kikombe cha plastiki cha bluu, anapima mchele. Akahesabu kwa sauti, moja, mbili. Kisha maji. Moja. Akasimama. "Mama Doto, nimetia kimoja au viwili?"

"Kimoja, mama."

Akatia cha pili, akakiinua usawa wa dirisha aone kama kimejaa. Cha tatu. Cha nne. Hakung'ata punje. Hakutia kidole.

Mama Doto, masikini, akanieleza kwa furaha, "Nilimsomea ile uliyoandika wewe, wifi. Nikamwambia mama, sikia mtoto wa kaka yako anavyoelekeza. Tangu siku hiyo anapima kwa kikombe tu."

Nikasema vizuri, Shangazi. Jamani, nilisema vizuri!

Wali wenyewe ulitoka umelowa, maana ulikuwa mchele mpya na kipimo changu ni cha mchele wa dukani. Shangazi akautazama kwenye sahani, akausogeza kwa kijiko. Halafu akaniuliza, bila kuniangalia, "Agripina, bibi yako alianza vipi kusahau? Nakumbuka alianza na chumvi. Anaweka mara mbili. Au ilikuwa maji?"

Bibi, mama yake Shangazi, alifika mahali hakumjua mtoto wake yeyote. Shangazi ndiye aliyemlisha mpaka mwisho. Nikaelewa swali hilo linatoka wapi, na nani kalipeleka huko. Nikasema sikumbuki, nilikuwa mdogo. Nikaaga kabla sijamaliza kula, eti nina kikao.

Nilikimbia. Mtu mzima na mkoba wangu, nilitoka pale natembea kama nimeiba.

Mngedhani siku hiyo hiyo ningerudi. Wapi! Moyo wa binadamu ni mjanja. Leo asubuhi nimeamka na utetezi mpya: huenda hata bila majagi yangu wali ule ungeharibika. Huenda kweli alipima vibaya. Baada ya shughuli kina mama tuligawana mchele uliobaki, wangu ulikuwa bado kwenye mfuko, mchele ule ule. Nikasema nijaribu, mimi si mtu wa sayansi? Ilikuwa sayansi ya kutafuta wa kumbebesha lawama zangu, lakini nikafunga aproni kabisa.

Nikapika mara tatu. Wa kwanza kwenye jiko la umeme, kwa vikombe vyangu, kimoja kwa viwili. Likajizima, nikafunua: bokoboko, ndugu wa ule wa shughuli. Wa pili nikauchuja. Ukaachana kidogo lakini ladha yote ilikwenda na maji, umebaki kama karatasi. Wa tatu nikawasha mkaa. Nikachukua punje, nikaing'ata. Ikapondeka bila kelele. Nikasawazisha mchele, nikatia kidole, nikamimina maji yakaishia chini ya pingili. Nilipoona yamekauka na punje bado ina kiini, mkono uliniwasha kuchukua jagi. Haki ya nani, mpaka leo uliniwasha. Nikaufunga mkono kwenye kanga, nikapalia makaa, nikakaa chini nikasubiri.

Nilipofunua, harufu ilitoka mpaka uani. Punje moja moja, zimesimama, na chini ukoko wa rangi ya asali.

Bi Zuhura alikuwa anapita na ndoo yake, nikamwita aonje sufuria zote tatu. Sikumwambia kitu. Akaonja wa kwanza akauacha, akaonja wa pili akakunja uso. Wa tatu akarudia mara mbili, akavuta kigoda. "Huu nani kapika?"

"Mimi."

"Na hii miwili?"

"Mimi pia."

Akanitazama, akachovya mkono kwenye mfuko wa mchele, akang'ata punje. "Huu mpya, Mwalimu. Hata mtoto anajua. Huu unamimina maji yote hayo ya nini?"

Swali zuri. Nimekula ukoko wote peke yangu, nimesimama, na chumvi juu yake, na nimelia. Sikulia kwa kumhurumia Shangazi. Nililia kwa kuwa hakukuwa tena na mahali pa kujificha.

Nikachukua mwiko, nikasimamisha bodaboda. Sasa jaribuni kupanda pikipiki na mwiko wa shughuli mmeushika wima kama bendera. Njia nzima watu wananipungia. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akaniuliza, "Mama, shughuli iko wapi, na sisi tuje?"

Shangazi alikuwa uani kwenye mkeka anamenya karanga. Akauona mwiko kabla hajaniona mimi. "Kuna arusi?"

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza na habari za nyumbani, watoto, shule, hali ya hewa. Nikasema nimesimama, mbele yake na Mama Doto. "Shangazi, siku ya padre ulipima sawa. Ulipokwenda kwenye baraka nilifunua sufuria. Maji niliongeza mimi."

Mama Doto akaweka karanga chini.

"Kiasi gani?" Shangazi akauliza.

"Majagi matano kila sufuria."

"Ya moto au baridi?"

"Ya moto. Ya pipa la chai."

Akatikisa kichwa polepole, anahesabu. Nilimwona anaupika upya wali ule kichwani, anatoa majagi yangu, anatazama unavyotoka. Kisha akainua mkono wa kulia, akakitazama kidole chake. "Kwa hiyo nilipima sawa," akasema.

"Ulipima sawa."

"Nilipima sawa, Mama Doto. Umesikia?"

Nilidhani amefurahi. Nikapiga magoti nianze kuomba msamaha, hapo akanigeukia, na sijawahi kuona macho yale, hata nilipounguza banda lake la kukaushia tumbaku nikiwa mtoto.

"Wiki tatu, Agripina. Wiki tatu nalala najiuliza kama nimekuwa kama mama. Naamka nahesabu majina ya wanangu nione kama yametimia. Na wewe unajua. Ulikuja hapa, ukakaa hapo, ukaniona na kikombe, na unajua."

Nikaanza kulia. "Usinililie," akasema. "Utalia ukifika kwako."

Nikaunyoosha mwiko kwa mikono miwili. Hakuupokea. Akasogeza mikono yake nyuma ya mgongo.

"Mimi sipokei kitu uani kama cha wizi. Ulipewa mbele ya watu, wakapiga makofi. Utaurudisha mbele ya watu. Na utawaambia ulivyoniambia mimi, hivyo hivyo, usiipambe."

Kisha akamwagiza Mama Doto amletee kile kikombe cha bluu. Nikadhani atanipiga nacho, na ningekaa anipige. Akachota maji mtungini, akayanywa yote, akakikung'uta, akakiweka juu ya mfuniko wa mtungi, mahali pa kikombe cha kunywea. Akarudi kwenye karanga zake.

Niliaga. Shangazi tangu nimjue hajawahi kuniacha niondoke peke yangu. Hata akiwa na homa hunisindikiza mpaka barabarani, tena huko barabarani ndiko huanza mazungumzo yenyewe. Leo hakuinuka. Nilitembea peke yangu na mwiko, na sikugeuka, kwa sababu nilijua hanitazami.

Nimerudi na bodaboda yule yule. "Hawakuwepo?" akauliza.

"Walikuwepo."

"Sasa mbona unarudi nao?"

Nimemwambia mwendo wote uliobaki aangalie barabara.

Ndiyo hivyo. Mwiko uko nyuma ya mlango, kwa usiku wa mwisho. Ile makala ya sababu tano sitaifuta, ningependa sana kuifuta. Nimeandika juu yake kwamba sababu ya kwanza ni uongo, na aliyeiandika alikuwa anamjua aliyekuwa anamsingizia. Wanafunzi wangu wataisoma hii. Jumatatu wataniangalia, na mimi nitaingia darasani na mfuko wa mchele mpya, kila mmoja ang'ate punje.

Ninachokiogopa ni kesho. Misa ya pili, kina mama wanabaki mabenchi ya mbele, mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno. Huwa sikosi neno mimi. Nimeshajaribu kuliandaa, kila nikiandaa naona linaanza kupata mapambo: nilikuwa na nia njema, moto ulikuwa mkali, wageni walikuwa wengi. Nayafuta yote. Shangazi atakuwa amekaa upande wa kushoto, karibu na dirisha, kwenye kile kitenge walichompa ili apumzike.

Maji niliongeza mimi. Ni maneno matatu tu. Hapa jikoni nimeyasema mara saba na hakuna aliyesikia ila mwiko. Kesho nitayasema kwa sauti, mpaka benchi la mwisho.